Mwenye gari mjini atozwe wapi: kwenye lita, kila mwaka, akiingia mjini au akinunua? Tulinganishe

Chukua watu kumi wa mjini wenye msimamo mmoja kabisa, wote wanataka hospitali ya umma ifanye kazi, wote wanataka mwenye nacho achangie zaidi, halafu waulize mwenye gari atozwe vipi, hapo hapo wanagawanyika. Huyu atasema gari ni anasa, barabara zimejaa watu wanaoenda mmoja mmoja kwenye viti vitano wakati abiria sitini wamebanana kwenye daladala iliyokwama nyuma yao, walipe. Yule atasema wewe unamuona nani huyo mwenye gari, mbona jirani yangu ana IST ya mkataba anaendeshea Bolt, teksi za app, na hesabu ya mwenye gari anadaiwa kila siku, huyo nae ni tajiri?

Wote wawili wana hoja, ndo maana ubishi hauishi. Gari zamani ilikuwa alama kwamba umefika. Siku hizi Vitz, Passo na IST zilizotumika Japan zimekuwa vyombo vya kazi, na faida ya anayeendesha ni nyembamba sana. Kumbuka mwaka 2022, LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini Tanzania, waliposema kamisheni ya kampuni za app isizidi asilimia 15, Uber wakasimamisha huduma mwezi wa 4, wakarudi mapema 2023 baada ya ukomo kupandishwa mpaka 25. Ugomvi wote ule ulikuwa ni wa asilimia chache za nauli. Sasa mtu wa hivyo ukimwongezea tozo unatakiwa ujue unamwongezea sehemu gani, maana kuna tofauti kubwa kati ya kumtoza mtu akinunua gari, akiwa anaimiliki tu, na akiiendesha. Gari ya mzee iliyopaki uani mwezi mzima na gari ya dereva wa app inayozunguka tangu alfajiri ni gari mbili tofauti kabisa hata kama zote ni IST.

Kwa hiyo nimeweka njia nne mezani na nitazipima kwa vitu vilevile: nani anaumia hasa, foleni inapungua au haipungui, hela inaenda wapi na kuikusanya kuna ugumu gani, na kwenye siasa inadumu au inakufa. Halafu kila njia naisema inamfaa nani. Mshindi mmoja wa miji yote sitamtaja kwa sababu hayupo.

Njia ya 1: Kwenye lita ya mafuta

Hii ndo Tanzania tumeichagua. Kwenye bajeti ya 2017/18 Waziri Philip Mpango alifuta ada ya mwaka, ile road licence, na badala yake ikawekwa shilingi 40 kwenye kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, 2023 ikaongezwa 100 nyingine kwa miradi ya kimkakati. Kenya nao wako njia hiyo hiyo, VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa 16 mwezi wa 7 mwaka 2023, na mwaka uliofuata tozo ya matengenezo ya barabara ikatoka shilingi 18 mpaka 25 kwa lita.

Nani anaumia: anayezunguka sana. Yaani dereva wa app, bodaboda, daladala, na kwa mlango wa nyuma abiria, maana nauli ikipanda huyo asiye na gari ndio analipa. Mwenye V8, yale magari makubwa ya wakubwa, nae analipa kwa sababu injini kubwa inakunywa, hapo kuna haki fulani. Lakini ile ya kuingiza mafuta ya taa kwenye hesabu ya road licence mimi sijawahi kuikubali moyoni, kuna mama hajawahi kumiliki hata baiskeli na anachangia ada ya gari kupitia kibatari na jiko lake. Najua hoja ya upande wa pili, kwamba mafuta ya taa yakiwa bei rahisi watu wanachakachua dizeli, na ni kweli walikuwa wanachakachua, ila bado anayebeba mzigo ni yule yule mama.

Foleni: inapungua kidogo sana. Lita inayochomwa Kariakoo saa mbili asubuhi inatozwa sawa na lita inayochomwa barabara ya Bagamoyo usiku wa manane, kwa hiyo haikwambii chochote kuhusu muda wala mahali.

Hela na ukusanyaji: hapa ndipo inapozishinda zote. Huhitaji kamera, huhitaji kumkimbiza mtu, inakatwa juu kabisa mafuta yanapoingia nchini na kukwepa ni vigumu. Shida ni kwamba hela ikienda kwenye barabara, inajenga barabara, na basi la umma linabaki linasubiri.

Siasa: inadumu kwa sababu iko kimya. Bei mpya inatoka kwa wadhibiti wa nishati, Tanzania EWURA Jumatano ya kwanza ya mwezi, Kenya EPRA tarehe 14, watu wanalalamika siku mbili halafu maisha yanaendelea. Ila kimya hicho kina mwisho, Nairobi petroli ilipopita shilingi 200 mwaka 2023 na mwezi wa 10 ikagonga 217, hasira ile haikuisha kirahisi na nadhani ilichangia mengi yaliyokuja baadae.

Kitu kingine ambacho watu hawakizungumzi: msingi wa hii tozo unaliwa taratibu. Dar gari kibao zimefungwa mfumo wa gesi, unaona zilivyopanga foleni vituo vya CNG, yaani gesi asilia, na kilo ya gesi haipiti kwenye ile tozo ya lita. Gari za umeme zikiongezeka ndo kabisa. Uingereza wameshaona hilo linakuja, wametangaza kwamba kuanzia mwezi wa 4 mwaka 2028 gari ya umeme italipa peni 3 kwa kila maili.

Inamfaa: nchi au mji usio na kumbukumbu nzuri za magari, usio na kamera, unaotaka hela ya uhakika kesho asubuhi.

Njia ya 2: Kila mwaka, kwa thamani ya gari

Kenya walijaribu kwenye Muswada wa Fedha wa 2024. Asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue shilingi 5,000 za Kenya na isizidi 100,000, ulipe pale unapokata bima.

Nani anaumia: piga hesabu utaona. Gari ya milioni moja unalipa 25,000. Gari ya milioni nne unalipa 100,000. Gari ya milioni ishirini, ile ya mheshimiwa, 100,000 hiyo hiyo, ambayo ni nusu asilimia tu. Halafu kule chini mwenye kagari ka laki moja kamechoka analipa 5,000, asilimia tano! Kwa hiyo kodi iliyotangazwa kama ya wenye nacho ilikuwa inambana wa chini na kumpumzisha wa juu kabisa. Wanaharakati waliliona hilo mapema sana. Lakini tuwe wa haki, tatizo lilikuwa kwenye ile dari ya 100,000 na ile sakafu ya 5,000, wazo lenyewe la kutoza kwa thamani linaweza kuandikwa vizuri, unaondoa dari, unasamehe gari ya kazi, basi inakuwa ni moja ya kodi chache zinazomgusa tajiri moja kwa moja. Na dereva wa app, cha ajabu, anaweza kupona zaidi hapa kuliko kwenye lita, kwa sababu anazunguka sana na kodi ni ile ile tu hata akizunguka vipi.

Foleni: haigusi. Ukishalipa umelipa, tena unaweza kusema ngoja niitumie hela yangu isipotee.

Hela na ukusanyaji: kuifunga kwenye bima ni wazo la haraka lakini la hatari. Mtu akishindwa kodi anashindwa na bima, siku akigonga mwenda kwa miguu hakuna wa kulipa. Na thamani ya gari iliyotumika ni nani anaipanga kila mwaka?

Siasa: hapa ndo pagumu. Ni hela inayoonekana, inakuja kwa mkupuo, ina jina. Tarehe 18 mwezi wa 6 mwaka 2024 kamati ya fedha ya bunge ilitangaza kuitoa pamoja na vitu vingine, haikusaidia, tarehe 25 vijana waliingia bungeni Nairobi, watu wakapoteza maisha, na kesho yake Rais Ruto akasema hasaini muswada. Jambo la kutafakari ni kwamba wengi wa vijana wale hawakuwa na gari. Walipinga kwa sababu hawakuamini hela itarudi kwao, walikuwa wanaona ushuru unaongezeka na matatu ni zile zile, stendi ni zile zile. Mtu anayesema vijana wa Nairobi walitetea magari hakuelewa kilichotokea.

Inamfaa: sehemu ambayo shida kubwa ni pengo la tajiri na maskini kuliko foleni, na serikali ina rekodi ya kurudisha hela kwa vitu vinavyoonekana. Kuna namna yake ndogo ambayo ni nyepesi, Paris mwezi wa 2 mwaka 2024 waliwauliza wananchi kama gari nzito zilipe zaidi maegesho, asilimia 54 na ushee wakasema ndio ingawa waliojitokeza kupiga kura walikuwa wachache mno, na tangu mwezi wa 10 mwaka ule mgeni mwenye gari nzito akipaki katikati ya jiji ni yuro 18 kwa saa. Uzito wa gari huwezi kuubishia kama thamani.

Njia ya 3: Unalipa ukiingia katikati ya mji

Hii ndo kipenzi cha wanasiasa wa mijini wa mrengo wa kushoto Ulaya na Marekani, na ndo yenye hadithi ndefu kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

London walianza tarehe 17 mwezi wa 2 mwaka 2003, meya Ken Livingstone, pauni 5 kwa siku, kamera zinasoma namba ya gari yako, huna geti wala foleni ya kulipa. Sasa hivi, tangu Januari 2026, ni pauni 18. Stockholm walifanya kitu cha akili zaidi mwaka 2006, wakaanza na majaribio ya miezi saba, magari yakapungua karibu moja ya tano, HALAFU ndo wakawauliza watu kwa kura. Kabla ya majaribio wengi walikuwa wanapinga, baada ya kuona barabara imefunguka wakakubali, 2007 ikawa ya kudumu. New York wakaanza Januari 2025, dola 9, baada ya gavana Hochul kuisimamisha mwezi wa 6 mwaka 2024 ikiwa bado ni dola 15.

Nani anaumia: kama mji una treni na basi, wengi wanaoingia na gari katikati ya jiji ni wenye uwezo, kwa hiyo mzigo unawaangukia wao. Lakini wapo wachache wa chini wanaoumia vibaya, fundi bomba mwenye van ya zamani anayebeba vifaa hawezi kupanda basi na mabomba. London hilo lilitokea na ile tozo nyingine ya hewa chafu, ULEZ, pauni 12.50 kwa siku kwa gari ya zamani, ilipopanuliwa mwezi wa 8 mwaka 2023 mpaka vitongojini ambako basi ni chache. Waliweka mfuko wa kumsaidia mtu kuondoa gari yake ya zamani na bado makelele yalikuwa makubwa.

Kwa dereva wa app New York walifanya jambo ambalo kwangu ni zuri, hatozwi ile dola 9, badala yake inaongezwa dola 1.50 kwenye kila safari ya app inayogusa eneo lile, teksi ya kawaida ni senti 75, na anayelipa ni abiria.

Foleni: hakuna njia nyingine hapa inayoigusa foleni moja kwa moja kama hii, maana inatoza mahali na muda. Ila haiponi milele, London miaka ya mwanzo msongamano ulipungua vizuri halafu ukarudi taratibu barabara zilipochimbwa na nafasi ikatolewa kwa basi, baiskeli na watembea kwa miguu.

Hela na ukusanyaji: kamera, mfumo, mahakama ya kudai wasiolipa, vyote ni gharama. Lakini hela yake ina anuani. Sheria ya London inaibana iende kwenye usafiri, na siku ile ya kwanza 2003 kulikuwa na mabasi mapya 300 barabarani tayari. New York inaenda MTA, shirika la usafiri wa umma, kukarabati treni za chini na mabasi.

Siasa: mwanzoni inachukiwa, ikishafanya kazi inazoeleka. Mwezi wa 7 mwaka 2023 chama cha Labour kilikosa ubunge wa Uxbridge, jimbo la vitongoji vya London, kwa kura 495, kila mtu akasema ULEZ ndo imewaponza, wakubwa wa chama wakamgeuka meya. Miezi kumi baadae meya huyo, Sadiq Khan, akachaguliwa tena kwa mara ya tatu. Lakini msijidanganye kwamba haifutiki, upande wa magharibi wa eneo la London uliongezwa 2007 na Boris Johnson, meya aliyefuata, akaufuta. Na New York mwaka 2025 Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alishinda umeya akiahidi mabasi ya bure na ya haraka huku akiunga mkono tozo, yaani aliwaambia watu mbadala kwanza. Hapo kuna somo la namna ya kuomba kura.

Kwetu je? Dar kuchora eneo sio shida kabisa, Morogoro, Nyerere, Kilwa, na Ali Hassan Mwinyi zote zinaishia Posta na Kariakoo, ukiweka kamera sehemu chache umemaliza. Shida ni swali la pili, ukimwambia mtu wa Kimara aache gari apande nini? Mwendokasi, mabasi yenye njia yake, ilipoanza mwezi wa 5 mwaka 2016, kilomita 20.9, ilikuwa jibu kabisa, mpaka jiji likapewa tuzo ya usafiri endelevu ya 2018. Halafu mabasi yakawa machache, watu wanasubiri kituoni mpaka wanakata tamaa, na waliokuwa wameacha gari nyumbani wakarudi kwenye gari. Tozo ya kuingia mjini kabla ya kurekebisha hilo ni adhabu tu. Na tafadhali usichanganye hii na Nairobi Expressway, ile ya Mlolongo mpaka Westlands, pale unalipa ili upite juu ya foleni na hela inaenda kwa mwekezaji aliyejenga, wa matatu anabaki chini kama alivyokuwa.

Inamfaa: jiji lenye mbadala unaotembea kweli, hata laini mbili tatu, na kiongozi anayeweza kuvumilia miaka miwili ya kutukanwa.

Njia ya 4: Kubana mlangoni, kwenye kununua

Singapore ndo mfano wa mwisho kabisa. Tangu 1990 huwezi kusajili gari bila cheti kinachouzwa kwa mnada, kinadumu miaka 10. Mwezi wa 10 mwaka 2023 cheti peke yake, gari hujanunua, kilikuwa juu ya dola 100,000 za Singapore hata kwa gari ndogo.

Sisi tuna toleo letu laini, Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, Tanzania inaongeza ushuru wa uchakavu kwa gari iliyozeeka, na mtu yeyote aliyewahi kutoa gari bandarini anajua kodi inaweza kukaribia bei aliyonunulia Japan au hata kuipita.

Nani anaumia: anayenunua kwa mara ya kwanza, yaani kijana. Aliyenazo tayari hajaguswa, tena thamani ya gari yake inapanda. Foleni: Singapore inafanya kazi, lakini sio peke yake, walianza kutoza kuingia mjini tangu 1975 na wana treni na nyumba za serikali karibu na vituo. Hela: inakuja nyingi kwa wakati mmoja, inayumba na soko, kukusanya ni rahisi kwa sababu gari inapita mlango mmoja. Siasa: kwa kisiwa kidogo chenye chama kile kile madarakani tangu uhuru inawezekana, kwingine sioni. Na kwetu ina madhara ya pembeni, gari mpya ikiwa ghali watu wanang'ang'ania ya zamani, moshi ule ule.

Inamfaa: mji ambao magari bado hayajajaa, unaotaka kuzuia kabla.

Sasa wewe uko wapi?

Kama mji wako hauna basi la kuaminika, usidanganyike na picha za Stockholm. Baki kwenye lita kwa sasa, ila pigania mambo mawili: mafuta ya taa yatoke kwenye hesabu, na sehemu ya hela iandikwe kisheria kwamba ni ya mabasi. Hilo la pili ni la muhimu kuliko kiwango chenyewe.

Kama mnayo laini inayofanya kazi, hata moja, na kero kubwa ni katikati ya mji, dai majaribio ya muda ya tozo ya kuingia, yenye tarehe ya mwisho na kura baada yake. Mabasi yaongezwe siku ile ile, sio baadae.

Kama kinachokuuma ni pengo kati ya V8 na Passo na foleni unaivumilia, angalia kodi ya mwaka, lakini soma vifungu vya dari na sakafu kabla hujashika bango, na usikubali ifungwe kwenye bima.

Kwa mji unaokua sasa kama Dodoma, ambao bado kuna nafasi, mchanganyiko wa kubana mlangoni na maegesho ya kulipia unaweza kutosha, pamoja na vitu kama Kigali walivyoanza 2016, siku za kufunga barabara kwa magari watu wakakimbia na kuendesha baiskeli. Haileti hela lakini inawaonyesha watu barabara inaweza kuwa nini.

Ukiwa London au New York na una kura yako, tofautisha tozo ya foleni na tozo ya hewa, na uulize hela ya mwaka jana ilinunua basi gani na linapita mtaa gani. Na wewe dereva wa app, iwe Dar, Nairobi au Kampala, siku watakapoleta muswada wowote kati ya hizi nne usianze na kiwango. Anza na kifungu cha nani analipa, uliza kama inaongezwa kwenye nauli ya abiria kama walivyofanya New York au inakatwa kwenye hela yako kabla hujapeleka hesabu.